Mwanariadha wa kike, usifukuze saa ukausahau mwili

Je, wewe au bintiyo anafanya mazoezi kwa nia ya kuwa mkimbiaji wa kulipwa? Basi somo la leo linakuhusu.

Viwango vya mbio ndefu za wanawake vimepanda mno. Mwaka 1998, Tegla Loroupe aliweka rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 47. Mwaka 2019, Brigid Kosgei alikimbia kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4. Hali kadhalika, muda wa kufuzu kwa Olimpiki ya 2016 ulikuwa saa 2 na dakika 45. Kwa mashindano ya dunia ya 2025, uliteremshwa hadi saa 2, dakika 23 na sekunde 30. Hiyo ni karibu nusu dakika kuondolewa katika kila kilomita!

Kutokana na shinikizo hili, wasichana wengi huongeza mazoezi na kupunguza chakula wakiamini kwamba mwili mwepesi ndio wenye kasi. Hapo ndipo hatari huanzia.

Mkimbiaji wa kilo 50 hutumia takriban kalori 1,000 kukimbia kilomita 20. Asipozirudisha kwa chakula, mwili huanza kubana matumizi. Homoni ya estrojeni hupungua na hedhi husimama. Wapo wanaofurahia jambo hilo wakidhani ni ishara ya mazoezi kuiva. La hasha! Homoni hiyo ndiyo hulinda mifupa. Ikikosekana, mifupa hudhoofika na kupata nyufa, hasa kwenye miundi na nyayo. Mwaka 2014, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tahadhari kwamba upungufu huu wa nguvu huathiri pia moyo, kinga ya mwili na hata kasi yenyewe.

Dalili za kuangalia

* Kukosa hedhi kwa miezi mitatu mfululizo, au kufikisha umri wa miaka 15 bila kuivunja ungo.
* Maumivu ya mfupa mahali pamoja, yanayozidi unapokimbia.
* Uchovu usioisha, homa za mara kwa mara na muda wa mbio kuzorota licha ya mazoezi.

Ufanye nini?

Kwanza, mwone daktari. Atapima kama una mimba au upungufu wa damu kabla ya kulaumu mazoezi. Usidhani kwamba kukosa hedhi kunazuia mimba. Unaweza kushika mimba hata hivyo.

Pili, kula mara tu baada ya mazoezi. Ugali, viazi na wali hurudisha nguvu. Maziwa na omena huimarisha mifupa. Nyama, maharagwe na dengu huongeza madini ya chuma. Kula chungwa pamoja na mlo, lakini chai inywe saa moja au mbili baadaye, kwani huzuia madini hayo kuingia mwilini.

Tatu, pumzika angalau siku moja kwa wiki.

Nawe kocha, usimpime msichana uzani mbele ya wenzake. Muulize kuhusu afya yake kwa heshima na faragha.

Kumbuka, muda wa kufuzu utawekwa mwingine mwaka ujao. Mifupa uliyo nayo ni hiyo hiyo moja.