Weka Unyevu Juu: Somo la Kutengeneza Bango



Ndugu zangu, nilianza kuwatengenezea watu mabango nikiwa mwaka wa kwanza, nipate nauli na chakula. Mteja mmoja mwenye hosteli hapa Nsambya akaniagiza bango la kutafuta wapangaji. Niliandika kwa herufi kubwa nyekundu: CHUMBA 450,000 KWA MUHULA. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu, nikaweka masharti: bei ni ya mtu mmoja, chumba ni cha watu wawili, umeme hulipiwa mbali. Mteja alifurahi sana.

Muhula ulipofunguliwa, dada mmoja wa jumuiya yetu alifika pale na godoro lake. Alikuwa ametanguliza pesa kwa simu baada ya kutumiwa picha ya bango, ambayo maandishi yake madogo hayakusomeka. Pesa hazikurudishwa. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, wewe ulijua?"

Nilijua.

Katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula, akaingiza mkono, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akaonya kwamba mdanganyifu hayuko pamoja naye. Tazameni: kosa halikuwa katika maneno, lilikuwa katika mpangilio. Na mpangilio ndiyo kazi yetu sisi watengenezaji wa mabango.

Basi haya ndiyo ninayoyafuata sasa.

Kwanza, namuuliza mteja: nani atasoma, atakuwa wapi akisoma, na akishasoma afanye nini? Bango la kando ya Barabara ya Ggaba husomwa na mtu aliyepanda boda boda kwa sekunde chache. La mlangoni mwa msikiti husomwa na mtu anayevaa viatu, kwa hiyo linaweza kubeba maneno zaidi.

Pili, jambo moja liwe kubwa kuliko yote. Yafuate ya lini, wapi na bei gani, kisha namba ya simu. Kila kitu kikipiga kelele, hakuna kinachosikika.

Tatu, sharti lolote linalobadilisha bei likae ubavuni mwa bei, kwa herufi zisizopungua nusu ya herufi za bei. Lifungue bango kwenye simu bila kulikuza. Sharti lisiposomeka, kazi haijaisha.

Nne, kabla ya kwenda kuchapisha Barabara ya Nasser, kumbuka kwamba skrini huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, lakini mashine huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Ndiyo maana kijani kinachong'aa kwenye kompyuta hufifia kwenye karatasi. Picha iwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa utakaochapwa, na rangi ya pembeni ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa, ikikuzwa inapata ukungu. Mwombe mteja faili lenyewe.

Tano, mpe bango mtu asiyejua habari yake, akueleze alichoelewa. Kisha ipige namba iliyoandikwa, uone nani anapokea.

Malipo ya kazi ile nilimpa dada yule. Hayakufika nusu ya alichopoteza. Nilimpelekea mteja bango jipya, masharti yakiwa juu, bila malipo. Alinung'unika kwamba litafukuza watu. Nikamwambia litawafukuza wale tu ambao wangekuja kugombana naye mlangoni.

Mteja wako anakulipa, lakini msomaji naye ana haki juu yako.

Wabillahi tawfiq.