Utafiti Uanze na Wasiofika Mlangoni

Mwanafunzi aliyecheleweshewa bumu, au anayesubiri matokeo ya supu, hasemi "nina sonona." Anasema "nina mawazo." Mpe dodoso linalomuuliza kama ana sonona, atajibu hapana, nawe utaandika kwenye ripoti kwamba yuko salama. Hapo hapo utafiti umeshamwacha mtu nje.

Nasoma sosholojia, mwaka wa tatu, na mfano ulionifundisha zaidi kuhusu jambo hili unatoka Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua baada ya familia yake kukosa nauli ya kumrudisha hospitali. Dawa zilikuwepo, daktari alikuwepo, lakini huduma ilikuwa mbali na mtu. Mwaka 2006, huko Mbare, Harare, akaanza na akina bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaani. Walifundishwa kuketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Benchi la Urafiki likazaliwa.

Angalia lugha waliyotumia. Maswali ya uchunguzi yalitokana na maneno ya Kishona yenyewe, na tatizo likaitwa *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Si sawa kabisa na "mawazo" yetu?

Kisha wakapima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban 14 katika kila 100 kwa waliohudumiwa na akina bibi, na 50 katika kila 100 kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Hizo si tofauti ndogo, jamani.

Lakini tusome takwimu hizo hadi mwisho: zaidi ya 8 katika kila washiriki 10 walikuwa wanawake. Benchi linafanya kazi, ndiyo. Wanaume je, wako wapi? Matokeo mazuri hayamzuii mtafiti kuuliza nani hayumo.

Sasa turudi kampasi. Tukitaka kujua kama ofisi ya ushauri nasaha inatufaa, mara nyingi tunawahoji waliokwenda. Hao mlango wameshaupata. Mfikirie mwenzetu kiziwi: akitaka ushauri inabidi aongozane na mkalimani, pengine yule yule anayemtafsiria darasani. Siri yake tayari ina masikio mawili ya ziada. Au anayetumia kiti cha magurudumu, na ofisi iko ghorofa ya pili bila lifti. Hawa hawaonekani kwenye daftari la wageni, kwa hiyo takwimu zitasema hawana shida.

Kwa hiyo, wewe unayeandaa utafiti wako wa mwaka wa mwisho, jiulize mambo matatu kabla ya kuchapa dodoso. Kwanza, watu wenyewe wanaliitaje tatizo hili? Pili, nani hawezi kufika nilipoweka meza yangu? Tatu, kuna yeyote kati yao aliyenisaidia kutunga maswali, au nawaita siku ya kujaza tu?

La tatu ndilo gumu, maana linachukua muda na msimamizi anadai sura ya tatu Ijumaa. Lifanye hivyo hivyo. Huduma hupangwa kwa kufuata takwimu, na asiyehesabiwa hapangiwi kitu.