BCM: Ya Kufanya na ya Kutofanya Kabla Hujaing'oa

Wipa zinapiga zenyewe jua likiwaka. Ukiwasha indiketa, taa ya ndani inapepesa. Fundi anatikisa kichwa: "Kontroli boksi ya bodi imekufa, bosi. Leta hela nikatafute nyingine kwenye maduka ya spea ya Gerezani." Wiki mbili baadaye ya pili nayo imekufa.

Boksi hiyo, BCM (Body Control Module), ndiyo inayotawala taa, honi, vioo, wipa, loki za milango na, kwenye magari mengi, utambuzi wa funguo. Hufa, sikatai. Ila mara nyingi husingiziwa, na nyingi zilizokufa kweli zimeuawa na mikono ya watu. Haya ni ya fundi umeme, na ya mwenye gari anayelipa bili.

KABLA YA KUIHUKUMU: FANYA

Pima betri kwanza. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Ikiwa chini ya 12, ichaji, kisha anza upya. Umeme ukishuka, boksi za gari huandika kodi za hitilafu kwa vitu vizima. Na kodi ya "hakuna mawasiliano na BCM" haijakwambia ununue BCM. Imekwambia haisikiki. Pengine haina umeme.

Pima ethi mzigo ukiwa umewashwa. Washa taa kubwa, wipa na hita ya kioo cha nyuma. Ncha moja ya mita iguse waya wa ethi wa BCM, nyingine kichwa hasi cha betri. Ukisoma volti 0.1 au chini yake, ethi ni nzima. Ukisoma nusu volti, weka mita chini, chukua spana na msasa. Magari yaliyonyooshwa bodi yana ugonjwa huu hasa: fundi rangi amepuliza hadi mahali pa ethi, boliti ikarudishwa juu ya rangi. Umeme ukikosa njia yake ya kurudi hupita kwenye balbu zisizohusika, ndipo indiketa inapochezesha taa ya ndani. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza boliti, pima tena. Kazi hii haina umaarufu gereji kwa sababu haina spea ya kumuuzia mteja.

Pima waya za mtandao. Chomoa betri, weka mita kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya mashine ya kusoma kodi (OBD). Magari mengi yenye mtandao wa CAN hapo husoma omu 60. Ukipata 120, kuna upande umekatika. Ukipata karibu na sifuri, waya zimegusana. Ramani ya waya ya gari hilo iwe mbele yako, maana si yote yamepangwa sawa. Hakuna BCM mpya inayounga waya uliokatika.

Shika kapeti kwa mkono. Likiwa na unyevu, au likinuka uvundo, umekaribia jibu. Majani ya mwarobaini huziba matundu ya kutolea maji chini ya wipa, maji yakashuka pembeni mwa dashibodi, mahali ambapo BCM nyingi zimefungwa. Chomoa soketi uangalie pini. Ukiona kutu ya kijani, una kazi mbili, na ya kwanza ni kuzuia maji. Anayebadilisha boksi na kuacha matundu yameziba atarudi masika yajayo, na atakulaumu wewe.

KABLA YA KUIHUKUMU: USIFANYE

Usiweke fyuzi ya 30 mahali pa 10. Fyuzi ikikatika, kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi. Ukiizuia isikatike, kitakachoungua ni waya au BCM yenyewe.

Usiguse waya za mtandao kwa taa ya kupimia ya balbu. Balbu inavuta umeme ambao saketi ile haikutengenezewa. Mita ya dijitali si ghali kiasi hicho.

Usibusti kwa kubahatisha. Chanya na hasi vikigeuzwa sekunde moja tu, inatosha.

Usiunge taa za mbwembwe wala waya za tela kwenye indiketa. BCM ndiyo inayolisha waya ule. Weka rilei, na umeme wake utoke betri kupitia fyuzi yake.

KUNUNUA: FANYA

Nakili namba ya pati nzima, hadi herufi ya mwisho. Boksi mbili zinaweza kufanana umbo na soketi, kumbe moja ni ya gari lenye funguo janja na nyingine sivyo. Magari mengi yaliyouzwa kwanza ndani ya Japani hayana VIN ya herufi 17. Tafuta kwa namba ya chesi.

Uliza ni nani ataiingizia programu, na kwa mashine gani, kabla hujatoa shilingi. Kwenye Nissan nyingi BCM ndiyo inayotambua funguo, kwa hiyo ya gari jingine haitaliwasha lako mpaka isajiliwe. Siku hiyo peleka funguo zote. Usajili mpya hufuta wa zamani, na ufunguo uliousahau kwenye droo utafungua mlango tu.

KUNUNUA: USIFANYE

Usinunue iliyokwanguliwa lebo, yenye alama za bisibisi au harufu ya kuungua. Na "ikikataa rudisha" isiyo kwenye risiti ni maneno matupu.

SIKU YA KUFUNGA: FANYA

Soma data ya boksi ya zamani na uihifadhi kabla hujaichomoa, hata kama ni mgonjwa. Ikigoma kusomeka kwa mashine, fundi elektroniki mwenye vifaa anaweza kuisoma moja kwa moja kwenye chipu yake. Ukiipata data hiyo, kazi imekuwa nusu.

Chomoa hasi ya betri, kisha subiri. Kwa eabegi, Toyota huagiza angalau sekunde 90. Soketi za njano, ndizo za eabegi, uziache.

Weka chaja thabiti kwenye betri wakati wa kuingiza programu, na laptop iwe imejaa. Umeme ukikatika katikati, boksi inabaki imeandikwa nusu, haisikii amri.

SIKU YA KUFUNGA: USIFANYE

Usichomoe wala kuchomeka soketi umeme ukiwepo.

Usiazime BCM ya gari la jirani "tuone tu". Kama tatizo ni shoti, umeua mbili. Isitoshe, baadhi zikiwa mpya hujifunga na gari la kwanza lililoziwasha.

Usikabidhi gari kwa sababu limewaka. Jaribu kila swichi, funga milango, liache lilale nusu saa, kisha pima umeme linaovuta. Ukizidi miliampea 50, kuna kitu hakijalala.

Usiiuze boksi ya zamani. Ndani mna data ya funguo za mtu. Andika juu yake namba ya gari, umpe mwenyewe.