Daftari la Wateja Lisilokaa Mfukoni mwa Mtu



Katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja aliinuka akauliza: "Hilo wingu mnalolitaja kila siku ni kitu gani, na litamfaa nini mtu anayeuza mdalasini?" Baadhi yetu walicheka, lakini swali lilikuwa la haki, na jibu tulilompa siku ile lilikuwa fupi mno. Leo twapenda kulijibu kama ipasavyo.

Kwanza tuseme twazungumzia biashara ipi. Karafuu kavu zina njia yake ya kuuzwa, nayo ni vituo vya Shirika. Hapo hatuna la kuongeza. Twazungumzia zile pakiti za mdalasini, hiliki, pilipili manga na mchaichai ambazo chama huziuza katika mahoteli na maduka ya Unguja. Huko wanunuzi ni wengi na kila mmoja ana tabia yake. Huyu hutaka mzigo kila wiki mbili, yule hulipa mwisho wa mwezi, na mwingine hataki kuona pilipili isiyopetwa vizuri.

Habari zote hizo, mpaka mwaka juzi, zilikuwa ndani ya simu ya mwenzetu mmoja aliyeshughulikia mauzo. Siku moja akiwa katika boti simu ilimponyoka ikaenda baharini. Ikaenda na majina ya wanunuzi, bei tulizokubaliana nao na madeni tuliyokuwa tukiwadai. Ilitubidi kupita mlango kwa mlango tukiuliza: "Bwana, sisi tulikuwa tukikuuzia kwa bei gani?" Na mtu ukimwuliza hivyo usitaraji akutajie bei ya juu. Wengine tulielewana nao, wengine tuliwakuta wameshapata muuzaji mwingine.

Basi wingu hili si la mvua. Ni kompyuta nyingi zilizowekwa katika majumba maalumu, aghalabu nchi za mbali, zenye umeme na ubaridi usiku na mchana, nasi twazifikia kwa intaneti. Unachoandika kwa njia hii makazi yake ni kule. Simu yako ni dirisha la kukitazamia tu. Dirisha likivunjika utafungua jingine, na vitu vimo vile vile.

Wafanya biashara wa Marekani waliyaona manufaa haya mapema. Katika miaka ya 1990 kampuni iliyotaka kuweka habari za wateja katika kompyuta ilinunua programu ya fedha nyingi, kama ile ya Siebel, ikanunua na mashine za kuiendeshea, kisha ikaajiri mafundi wa kuzitunza. Aliye mdogo alibaki na daftari lake la karatasi. Mwaka 1999 Marc Benioff, aliyekuwa akifanya kazi Oracle, alianzisha na wenzake kampuni ya Salesforce mjini San Francisco. Shauri lao lilikuwa jepesi: mtu asinunue programu wala mashine, ila afungue daftari lake kwa intaneti na alipe ada, kama apangaye nyumba badala ya kujenga. Muuzaji aliye safarini akaweza kuandika oda pale pale alipo, na aliye ofisini akaiona.

Sisi hatuhitaji kitu kikubwa namna hiyo. Jedwali la Google Sheets latutosha, nalo kwa matumizi kama yetu halina malipo, ila bando tu. Kila mnunuzi apewe mstari wake: jina, bidhaa, kiasi, bei, deni, na tarehe aliyonunua mara ya mwisho. Tarehe hiyo ndiyo yenye faida kuliko yote. Panga mistari kwa kuifuata, na mara moja utawaona walionyamaza miezi miwili. Hao ndio wa kupigiwa simu kwanza. Katika daftari la karatasi aliyenyamaza haonekani, maana hakuna karani anayeandika kwamba fulani leo hakununua.

Jingine ni bei. Mwaka jana wawili katika sisi walimwendea mnunuzi mmoja, wiki moja, kwa bei mbili mbalimbali. Naye, mtu mwerevu, alishika ile ya chini. Lau wote wawili wangekuwa na jedwali moja mkononi, wa pili angaliona kilichoandikwa na wa kwanza kabla hajafungua kinywa. Na mdalasini mpya ukiwa tayari, ujumbe upelekwe kwa wanaonunua mdalasini tu. Mwenye hoteli akiletewa kila siku habari za vitu asivyovitaka huacha kusoma, na siku yenye habari yake hatuoni jibu.

Lakini tusidanganyane, hata majumba hayo huungua. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto, na wateja wasiokuwa na nakala mahali pengine walipoteza vyao. Na Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilizo chini ya bahari zilipata hitilafu, tukakaa hapa kwetu na simu nzima zisizofungua kitu. Kwa hiyo tumeamua kwamba kila Alhamisi jedwali litachapwa karatasini na kutiwa kabatini, na anayekwenda kuuza ataliweka kwanza tayari kusomeka bila intaneti.

Akaunti nayo imefunguliwa kwa barua pepe ya chama, si ya katibu, na neno la siri analo mweka hazina pia. Tumelitaka wenyewe jambo hili. Katibu huugua, huhama, na huondolewa kwa kura, wala haifai wateja wenu waondoke pamoja naye. Ila neno hilo lisitajwe barazani, kwani namba za simu na madeni ya watu ni amana.

Mafunzo yatakuwa ofisini kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Njooni na simu, na kila mwenye karatasi ya zamani yenye jina la mnunuzi aje nayo, hata ikiwa imefungiwa bizari. Mpaka sasa tumerudisha nusu tu ya majina yaliyozama.