Vetiva: Ua wa Nyasi Unaoshika Udongo



Mvua kubwa ikinyesha, hebu twende tuangalie maji ya mto. Yakiwa mekundu, tujue hapo shamba la mtu linapita. Samadi tuliyobeba kwa toroli, mbolea tuliyonunua kwa pesa za kikundi, na ule udongo wa juu unaolisha mahindi, vyote vimo ndani ya maji hayo. Waliokuwa wakubwa wakati wa mvua ya El Niño ya 1997 na 1998 wanajua. Na vijana wameona wenyewe masika ya 2024.

Somo letu la leo ni juu ya nyasi moja inayoweza kutusaidia kushika udongo huo. Inaitwa vetiva. Tutaeleza inavyofanya kazi, inavyopandwa, na kwa nini mtu mmoja akiipanda peke yake faida yake ni ndogo.

VETIVA NI NINI?

Asili yake ni India. Huko kusini, wakulima wameipanda mipakani mwa mashamba tangu zamani. Katika miaka ya 1950 mtaalamu John Greenfield aliitumia kushika udongo katika mashamba ya miwa ya Fiji, na kutoka miaka ya 1980 Benki ya Dunia ilianza kuieneza katika nchi nyingi.

Ukiitazama ni kichaka cha nyasi ndefu, ngumu, iliyosimama wima. Kazi kubwa iko chini. Mizizi yake haitambai kwenda kando kama ya nyasi nyingine. Inashuka moja kwa moja, na penye udongo wa kina inaweza kufika mita 2 au 3. Kwa hivyo hainyang'anyi mahindi chakula sana, na jua likikaza yenyewe bado ni hai.

Utasikia mtu akisema, "Hiyo itajaa shambani kama sangari." Hapana. Vetiva ya aina inayofaa haitambai, na mbegu zake hazioti. Inakaa pale ulipoipanda.

INAFANYAJE KAZI?

Ikipandwa kwa mstari ulio sawasawa kukata mteremko, vichaka hukua vikashikana vikawa ua. Maji yakifika kwenye ua hayazuiliwi kama kwa ukuta. Yanapunguzwa mwendo, yanatandazwa, kisha yanapita polepole katikati ya mashina. Yanapopunguza mwendo, udongo unaachwa nyuma na maji mengine yanazama ardhini. Mwaka baada ya mwaka udongo huo unajijaza juu ya ua mpaka tuta linajijenga lenyewe.

Wale wetu wenye matuta ya fanya juu, kama kule Machakos, wasiyabomoe. Vetiva ikipandwa kwenye ukingo wa tuta inaushika usibomoke.

KUPIMA MSTARI

Hapa ndipo wengi huharibu. Macho hudanganya, kwa hivyo tutumie kipimo cha herufi A, ambacho kila kikundi kinaweza kujitengenezea.

Chukua fito mbili zilizonyooka, kila moja mita 2. Zifunge juu, kisha funga ufito wa tatu katikati ili upate umbo la A. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, ipite mbele ya ule ufito wa katikati. Simamisha kipimo, weka alama mahali miguu miwili imekanyaga, na alama pale kamba inapogusa ufito. Sasa kigeuze, mguu wa kushoto ukanyage pale palipokuwa na wa kulia. Weka alama nyingine pale kamba inapogusa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo.

Shambani, anza ukingoni. Acha mguu mmoja pale pale, sogeza wa pili juu au chini mpaka kamba itulie kwenye alama ya usawa. Piga kigingi, endelea. Ukimaliza, nyoosha kidogo mahali palipojikunja sana.

Nyua ziachane vipi? Inategemea mteremko. Kwa kawaida ua wa chini huwa mita 2 chini ya ule wa juu ukipima kimo. Kwa hivyo shamba likishuka mita 10 katika kila mita 100, nyua zitaachana mita 20. Likishuka mita 20 katika kila mita 100, ziachane mita 10.

KUPANDA NA KUTUNZA

1. Ng'oa kichaka na ukigawe kwa panga. Kila kipando kiwe na machipukizi 2 au 3 yenye mizizi.

2. Kata majani yabaki sentimita 20, na mizizi ibaki kama sentimita 10.

3. Chovya mizizi kwenye uji wa samadi na maji. Vifunike vipando kwa gunia lenye maji hadi wakati wa kupanda.

4. Panda mvua ikiwa imelowesha ardhi vizuri, mwanzoni mwa msimu. Anayengoja mpaka mvua iko karibu kukatika atapanda kuni.

5. Acha sentimita 15 kutoka kipando hadi kipando, au 10 penye mteremko mkali. Shindilia udongo kwa mguu.

6. Baada ya mwezi mmoja rudi uzibe mapengo. Palilia msimu wa kwanza.

7. Ikikua, ikate ibaki kimo cha goti. Kukata kunaifanya izae machipukizi na isiwatilie mimea kivuli. Majani uliyokata yanafaa kwa matandazo na kuezekea.

Vetiva haipendi kivuli, kwa hivyo usiifiche chini ya migomba. Pia mahali pa baridi kali inakua polepole. Ua mzuri huchukua misimu miwili au mitatu kushikana. Tusitarajie miujiza ya mwezi mmoja.

HESABU YA KIKUNDI

Ua wa mita 100 wenye nafasi ya sentimita 15 unahitaji vipando karibu 670. Kikundi cha watu 20, kila mmoja mita 100, kinahitaji vipando karibu 13,400. Kununua vyote ni ghali. Lakini kipando kimoja kikitunzwa vizuri kitaluni kwa mwaka kinaweza kutoa 20. Basi tukianza na 670 tu, tukavipanda sentimita 30 kila upande, vitatosha kwenye kitalu cha mita 6 kwa 10 karibu na maji. Mwaka unaofuata kila mtu atapata vyake.

Kabla ya kununua, muulizeni afisa wa kilimo wa wadi yenu awahakikishie kwamba ni vetiva ya aina isiyootesha mbegu. Kuna nyasi nyingine zinafanana nayo.

PENGO MOJA LINATOSHA KUHARIBU

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu. Maji yakikuta ua wenye pengo, yote hukimbilia hapo. Yale yaliyokuwa yametapakaa shamba zima sasa yanapita mlango mmoja, na hapo ndipo korongo linapoanzia. Pengo linaweza kuwa njia ya ng'ombe, njia ya mkato ya bodaboda, au vipando vitatu vilivyokauka mtu akasema atapanda kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena maji hayajui mpaka wa shamba. Ukipanda ua ukaishia kwenye mpaka wako, maji yanaweza kuzunguka ncha na kuingia kwa jirani. Hapo umeanzisha kesi kwa chifu. Na kama jirani wa juu hajafanya kitu, maji yake yote yanakushukia wewe. Kwa hivyo kikundi kisipange shamba moja moja. Kipange mlima mzima, kianzie juu kikishuka, mstari mmoja upite kwa kila jirani. Mwethya wa Ukambani na ngwatio ya Wagikuyu zilikuwa za kazi za namna hii hii, leo kwako, kesho kwangu.

Wako pia wanaolima shamba la kukodi, na akina mama wanaolima shamba lenye jina la mwingine. Mwenye shamba aitwe kwanza mkutanoni. Si haki mtu apande ua, kisha mwaka wa tatu, udongo ukianza kunona, aambiwe ahame.

TUSEME UKWELI

Vetiva si nepia. Majani machanga ng'ombe atakula, lakini yakikomaa ni magumu na makali. Mwenye ng'ombe wa maziwa bado anahitaji nepia yake. Vetiva pia haizuii maporomoko makubwa ya mlima mzima kuteleza. Wanaokaa chini ya mteremko wenye nyufa wahame kwanza.

Watafiti wa Afrika Kusini wameona kwamba nondo wa viwavi wanaotoboa mashina ya mahindi hupenda kutaga mayai kwenye vetiva, lakini viwavi wakianguliwa humo hufa. Hiyo ni nyongeza nzuri, lakini kukagua mahindi kuendelee.

Mwisho, mizizi yake hutoa mafuta ya marashi. Haiti na Indonesia ni kati ya nchi zinazoyauza. Akija mtu kijijini kuwaahidi pesa za mizizi, kumbukeni kwamba kuichimba ni kung'oa ua na kulegeza udongo ule ule tuliotaka kuushika.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika mlima wetu, maji huanzia wapi na hupitia mashamba ya nani?

2. Ni jirani gani hajaingia katika kikundi, na nani ataenda kumwona?

3. Njia za ng'ombe na za watu zipite wapi ili zisikate ua?

4. Nani ana mahali pa kitalu karibu na maji?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao, tengenezeni kipimo cha herufi A na mpime mstari mmoja tu, kutoka shamba la kwanza hadi la mwisho. Acheni vigingi vikae. Mvua ikinyesha, nendeni pamoja muone maji yanafanya nini hapo.