Msongo wa Mawazo: Mzigo Usiopimwa kwenye Mizani ya Chama

Somo kwa wanachama, wajumbe wa kamati na watumishi wa vyama vya msingi



Katika ghala la chama kila kitu hupimwa. Mazao hupimwa kwa kilo, mbolea huhesabiwa kwa mifuko, na fedha hukaguliwa kila mwaka. Lakini upo mzigo mmoja ambao mkulima huuleta ghalani pamoja na gunia lake, na ambao hakuna karani auandikaye katika stakabadhi. Mzigo huo ni msongo wa mawazo. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na kwa kuwa tunauona mwepesi, mara nyingi tunaupita bila hata kuuliza habari zake.

Nia ya somo hili ni kueleza mambo matatu: kwanza, msongo ni nini na hufanya nini mwilini; pili, jinsi unavyoathiri kujifunza na kuamua; na tatu, ni sehemu gani ya mzigo huo inayoweza kupunguzwa na chama chenyewe. Makatibu wanaombwa kulisoma kwa sauti mbele ya wanachama, kisha kuongoza majadiliano ya maswali yaliyo mwishoni.

1. Msongo ni nini?

Mkulima akikutana na nyoka kondeni hapati nafasi ya kufikiri. Moyo humdunda kwa kasi, pumzi huenda mbio na misuli hukaza. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba katika hali hiyo mwili hujiandaa ama kupigana ama kukimbia. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga homoni katika damu, ini hutoa sukari ili misuli ipate nguvu, na kazi ya kusaga chakula hupunguzwa kwa muda. Nyoka akiisha kuondoka, mwili hutulia. Msongo wa namna hii si ugonjwa, bali ni ulinzi.

Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya panya. Aliwatia katika taabu za namna mbalimbali: baridi, majeraha, kazi ya kupita kiasi na dawa kali. Ingawa taabu zilitofautiana, miili yao ilionyesha dalili zilezile: tezi za juu ya figo zilikua kupita kiasi, na matumbo yalipata vidonda. Selye alizitaja hatua tatu: kushtuka, kustahimili na kuchoka. Hatari kubwa imo katika hatua ya tatu. Nyoka huondoka, lakini deni haliondoki, wala mvua iliyokosekana hairudi kwa kuombolezwa. Mwili unaokesha tayari kwa vita isiyokwisha huanza kujidhuru wenyewe.

2. Msongo na afya

Msongo wa muda mrefu huvuruga usingizi, hupandisha shinikizo la damu na hudhoofisha kinga ya mwili. Aidha, humsukuma mtu kwenye pombe na tumbaku, ambazo huongeza madhara juu ya madhara.

Watu wengi hudhani kwamba msongo ni maradhi ya wakubwa, yaani ya meneja mwenye simu nyingi na mkurugenzi mwenye safari nyingi. Uchunguzi ulioanza London mwaka 1967 ulionyesha kinyume. Wataalamu waliwapima wanaume zaidi ya 17,000, watumishi wa serikali ya Uingereza, kisha wakafuatilia afya zao kwa miaka. Waliokuwa katika daraja la chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya mara tatu kuliko wale wa daraja la juu kabisa. Uvutaji wa sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kuwahusisha wanawake pia, uligundua jambo la maana sana kwetu sisi wanaushirika: mtumishi asiye na kauli juu ya kazi yake alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo. Kwa hiyo, kinachomuumiza mtu si wingi wa kazi peke yake, bali pia ni kukosa uwezo wa kuamua mambo yanayomhusu.

Hapa yafaa kutoa tahadhari. Tusifanye msongo kuwa jina la kila ugonjwa. Kwa miaka mingi wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliambiwa wapunguze mawazo. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, huko Perth nchini Australia, walimgundua bakteria anayesababisha sehemu kubwa ya vidonda hivyo, na ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Leo vidonda hivyo hutibiwa kwa dawa. Mwenye maumivu, basi, aende hospitali kwanza, wala asitulizwe kwa maneno kwamba ni mawazo tu.

3. Msongo na elimu

Methali yetu husema, ukupigao ndio ukufunzao. Ina ukweli wake, lakini ukweli huo una mpaka. Mwaka 1908 Yerkes na Dodson, wataalamu wa Marekani, waliwafundisha panya kuchagua njia kwa kuwapa mshtuko wa umeme walipokosea. Somo lilipokuwa rahisi, mshtuko mkali uliharakisha kujifunza. Lakini somo lilipokuwa gumu, mshtuko wa wastani ndio uliofaa, na ule mkali ulirudisha nyuma. Binadamu si panya, lakini kila mwalimu amekwisha kumwona mtoto aliyeijua hesabu nyumbani na kuisahau ubaoni kwa kuogopa fimbo. Hofu kidogo humwamsha mwanafunzi; hofu nyingi huifunga akili yake.

Jambo hili halihusu watoto peke yao. Katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, watafiti waliwapima wakulima 464 wa miwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2013. Wakulima hao hupata sehemu kubwa ya fedha zao wakati wa mavuno. Kila mmoja alipewa majaribio ya kufikiri mara mbili: kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, na baada ya mavuno, mfuko ukiwa na kitu. Mtu yuleyule alifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Akili yake haikuwa imepungua, bali ilikuwa imeshikwa na shughuli nyingine: deni la nani lilipwe kwanza, chakula cha kesho kitoke wapi.

Tujiulize: ni wakati gani sisi huwaita wanachama kujaza fomu za mkopo wa pembejeo na kutia sahihi mikataba? Mara nyingi ni wakati huohuo wa uhaba. Na mwanachama asipoelewa, ni wepesi kusema kwamba ni mjinga. Huenda yeye si mjinga hata kidogo. Huenda tumemfundisha siku ambayo akili yake ilikuwa imekwisha kubeba gunia lingine.

4. Msongo na jamii

Mtu aliyebanwa huiona leo na kuipoteza kesho. Mkoani Kagera inajulikana desturi ya butura, ambapo mkulima huiuza kahawa yake ikiwa bado mtini. Mkoani Mtwara na Lindi wanunuzi wa kangomba humfuata mkulima wa korosho nyumbani na kumpunja bei. Sheria imezikataza biashara hizo, lakini haziishi kwa amri peke yake. Mkulima anayeuza kahawa ikiwa maua anajua kwamba anapunjwa. Huuza kwa sababu mtoto ni mgonjwa leo, na malipo ya chama hajui yatakuja lini.

Hasara hiyo haiishii kwake. Chama hukosa mazao, kisha hukosa ushuru, kisha hushindwa kulipa kwa wakati, na wanachama wengine nao huenda kwa mlanguzi. Nyumbani nako mume na mke hugombana kwa jambo dogo, kwa kuwa lile kubwa halizungumzwi. Hivyo msongo wa mtu mmoja huwa msongo wa kaya, na wa kaya huwa wa chama kizima.

5. Wajibu wa chama

Chama hakiwezi kuleta mvua wala kupanga bei ya soko la dunia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya msongo hutokana na kutojua na kukosa kauli, na hayo mawili yamo mikononi mwetu. Tunapendekeza hatua tano.

(a) Habari zitangazwe. Bei, makato na tarehe ya malipo viandikwe ubaoni ghalani. Malipo yakichelewa, kamati iseme mapema ni kwa nini na ni hadi lini. Habari mbaya iliyosemwa humchosha mtu kidogo kuliko ukimya.

(b) Elimu itolewe baada ya mavuno. Semina, mikataba na mipango ya mikopo ifanywe wakati mwanachama ametulia. Mkataba usomwe kwa sauti, na mwanachama apewe siku kadhaa za kufikiri kabla ya kutia sahihi.

(c) Mfuko wa dharura uanzishwe. Akiba ndogo inayokatwa siku ya malipo, kwa idhini ya mkutano mkuu, na mkopo mdogo unaopatikana upesi wakati wa ugonjwa au msiba, ndiyo kinga ya kweli dhidi ya mlanguzi.

(d) Wapatikane wasikilizaji. Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafunza akina bibi kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi, wakiwa wameketi kwenye benchi uwanjani mwa zahanati. Bibi humsaidia mtu kuyataja matatizo yake yote, kuchagua moja, na kupanga hatua ya kwanza ya kulitatua. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2016, yaliyohusisha watu 573, yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za ugonjwa walikuwa karibu 14 katika kila 100 miongoni mwa waliokaa kwenye benchi, na karibu 50 katika kila 100 miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida. Wazee wenye busara na siri hata sisi tunao. Kinachohitajika ni mafunzo na ushirikiano na zahanati.

(e) Dawa za kuulia wadudu zifungiwe. Jambo hili ni zito, lakini halifai kunyamaziwa. Nchini Sri Lanka, baada ya dawa za sumu kali zaidi kuzuiwa katika miaka ya 1990, idadi ya watu wanaojiua ilipungua kwa karibu nusu kufikia mwaka 2005. Saa ya kukata tamaa hupita, na aliyevushwa salama mara nyingi huishi. Ghala liwe na kufuli na daftari la matumizi, na dawa zisikae nyumbani mahali pa wazi. Mwenzetu akisema kwamba amechoka kuishi, asiachwe peke yake. Afikishwe kwa mganga wa zahanati au hospitali siku hiyohiyo.

6. Maswali ya majadiliano

1. Katika chama chetu, ni jambo gani ambalo wanachama hawalijui na linawakosesha usingizi? Ni nani mwenye wajibu wa kulieleza?

2. Mikataba ya pembejeo ya msimu uliopita ilitiwa sahihi mwezi gani? Je, wangapi walisomewa kwanza?

3. Mwanachama akipata mgonjwa usiku wa leo na hana fedha, atakwenda kwa nani? Chama kifanye nini ili asiende kwa mlanguzi?

4. Mwanachama asipoonekana mikutanoni kwa miezi mitatu, ni nani anayekwenda kumjulia hali?

Majibu yaandikwe katika daftari la kumbukumbu na kuletwa kwa Afisa Elimu wa Chama Kikuu. Ushirika ulianzishwa kwa sababu gunia la mmoja humlemea, na la wengi hubebeka. Neno hilo ni kweli kwa kahawa na kwa pamba; ni kweli vilevile kwa mzigo huu usioonekana.