VAZI NA DARAJA YA MTU

Ndugu msomaji, vazi si kitambaa cha kusitiri mwili tu. Kabla mtu hajafumbua kinywa, nguo zake zimekwisha kusema yeye ni nani. Na tutazame mfano ulio karibu nasi, yaani Unguja ya karne ya 19.

Huko daraja ya mtu ilisomwa tangu kichwani hata miguuni. Bwana mwenye cheo alivaa kanzu na joho lililotariziwa, akafunga kilemba na kuchomeka jambia kiunoni. Mabibi wa nyumba kubwa walivaa barakoa usoni. Lakini mtumwa alitakiwa awe kichwa wazi na miguu mitupu, na mwilini shuka ya merikani, pamba isiyotiwa rangi. Jina hilo laonyesha asili yake: kililetwa na wafanya biashara wa Marekani, ambayo ilifanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833. Wajakazi walijifunga kaniki, yaani merikani iliyotiwa nili hata ikakaribia weusi.

Zingatia kwamba kofia na viatu ni vitu vidogo. Lakini aliyenyimwa vitu hivyo alikumbushwa unyonge wake kila alipotoka mlangoni.

Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed akatoa amri iliyoondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Je, walioachwa huru walifanya nini? Miongoni mwa mambo mengine, walibadili mavazi. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliacha kaniki, wakajifunga kanga za rangi na maua. Na baadaye wakavaa buibui, vazi ambalo mabibi wa nyumba kubwa nao walilivaa, hata ikawa vigumu kumtambua aliyekuwa bibi na aliyekuwa mjakazi.

Pengine mtu atasema kuwa hayo yalikuwa majivuno, maskini kumaliza fedha yake kwa nguo. Sivyo hata kidogo. Hati ya uhuru ilisomwa na hakimu. Kanga ilisomwa na mtaa mzima.

Basi nasi tujihoji. Amri ile ina zaidi ya miaka mia moja sasa. Lakini siku ya sikukuu, watoto wetu wanapovaa nguo mpya, mtumishi wa nyumbani mwetu huvaa nini?